Kibano na Seli Iliyokatazwa Kufa

Kila nikifika kwenye somo la kifo cha seli, naingia darasani na kibano cha mama yangu mfukoni. Ni kipande cha bati gumu kilichokunjwa katikati, ncha zake zikapigwa nyundo mpaka zikakutana sawasawa. Fundi wa Chamwino aliyekitengeneza alikuwa akitengeneza pia bawaba na mitego ya panya. Kilining'inia shingoni mwa mama kwa uzi mweusi, pamoja na ufunguo wa ghala, tangu nikiwa mdogo mpaka mwaka juzi. Nakiweka juu ya meza mbele ya wanafunzi, nakibana, nakiachia, nawaambia waangalie umbo. Bati likiwa limenyooka halifanyi kitu. Likikunjwa hivi, linang'oa.

Protini nazo ziko hivyo. Ni mnyororo mrefu unaojikunja, na kazi yake imo kwenye namna ulivyojikunja. Ndani ya seli zetu kuna protini za kukata, mfano wa mikasi, lakini zimefungwa midomo na zinaweza kulala humo bila kugusa kitu. Seli ikichoka au ikiharibika, protini nyingine hukusanyika kwa umbo la gurudumu, gurudumu likaamsha mikasi, na mikasi ikaanza kuikata seli kutoka ndani kwa utaratibu. Vipande vinafungwa vifurushi, majirani wanavimeza, mambo yanaisha. Hakuna maumivu wala wekundu. Nawaambia wanafunzi kwamba tangu waamke asubuhi wamekwisha kufa hivyo kidogo kidogo na hawana habari.

Halafu kuna kifo cha kelele. Kuna protini inayokaa kimya mpaka ikatwe katikati. Nusu yake ikishaachiwa huru inakimbilia kwenye ukuta wa seli, inashikana na wenzake kwa duara, na katikati ya duara panatoboka tundu. Seli inapasuka na kumwaga vilivyomo, pamoja na ujumbe wa kuita askari wa mwili. Askari wakija, wanakuja na moto. Ndiyo maana kidonda kinavimba na kuwaka.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Kwa hiyo Madam, inflammation ni protective, si ndiyo?"

"Inamlinda nani?" nikamuuliza.

"Mwili."

Kabla sijajibu, mwingine wa nyuma akapaza sauti, "Madam, hii itatoka kwenye UE?" Wote wakacheka, kwa sababu hakuna kitu kinachowasumbua kama mtihani wa mwisho. Nilikibana kibano mpaka kikaniuma kidole. Niliwaambia ndiyo, itatoka, nikaendelea na somo. Lakini jibu la kumpa yule wa mbele ninalo mpaka leo, na kwa kuwa darasani sikulitoa, nalitoa hapa.

Kijiji chetu kiko upande wa Chamwino, si mbali na Buigiri penye shule ya wasioona. Nikiwa mtoto nilidhani kila wilaya ina shule ya namna hiyo, kama ilivyo na soko na mahakama. Macho mabovu yalikuwa sehemu ya maisha. Vumbi, ng'ombe, inzi, maji ya kubebwa kutoka mbali, watoto wengi wakifutwa nyuso kwa pembe ya khanga moja. Kidudu kinachosababisha ugonjwa wa vikope kilikuwa kinapita kutoka uso hadi uso, na sisi tukiamka asubuhi macho yamegandana tuliyalowesha kwa mate na kuendelea na safari ya shule.

Kidudu hicho nimekisoma sana, na kadiri ninavyokisoma ndivyo ninavyokichukia. Kinaingia ndani ya seli za upande wa ndani wa kifuniko cha jicho. Seli ikihisi mgeni, kawaida yake ni kufa kimya, ili mgeni afe nayo na majirani wapone. Sasa kidudu kinatoa protini zake chenyewe, zenye maumbo ya kuingilia humo humo kwenye mpango wa kifo na kuuzuia. Mikasi haiamki. Seli inakatazwa kufa. Inabaki hai kama nyumba ya kupangishwa, mgeni anazaana ndani yake, na yenyewe haina la kufanya isipokuwa kupiga mayowe. Askari wanakuja na moto wao. Mtoto anapona, anaambukizwa tena, moto unarudi, anapona, anaambukizwa. Kila mara panabaki kovu dogo. Makovu yakikomaa yanajivuta, yanakunja kifuniko kuelekea ndani, na kope zinageukia mboni.

Mama yangu alipofikia utu uzima, kidudu kilikuwa kimekwisha kuondoka zamani. Kilichokuwa kikimkwangua jicho kila akipepesa ni kope zake mwenyewe, zilizogeuzwa na kovu lake mwenyewe, lililoachwa na ulinzi wake mwenyewe. Halafu mtu ananiambia moto huo unamlinda.

Kwa hiyo wanawake wa kwetu wanang'oana kope. Mama alikuwa na mwenzake wa kung'oana naye, jirani aliyemzidi umri kidogo, mjane kama yeye, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Siku yao ilikuwa Jumamosi, wakishafua nguo za kanisani. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yetu, mmoja amenyoosha miguu, mwingine amelaza kichwa mapajani mwake. Anayeng'oa anachovya kidole kwenye majivu ili ukope usiteleze, anainua kifuniko, anabana, anavuta. Kila ukope ukitoka anaubandika mgongoni mwa mkono wa aliyelala, ili aone kazi imefanyika. Wakimaliza wanabadilishana zamu. Humo ndimo mlimokuwa na umbea wote wa kijiji, na nikiwa mdogo nilijibanza nyuma ya ukuta kuusikiliza.

Nilipokuja kufundisha chuoni Chimwaga, nilikuwa nakwenda nyumbani baadhi ya Jumamosi na karatasi za kusahihisha. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limekwisha kufa, jeupe kama gamba la yai. La kulia lilikuwa linaona, lakini kila mwaka pungufu ya mwaka uliotangulia. Namkumbuka siku moja akiwa kwenye zamu yake ya kung'oa, uso ameuinamisha karibu sana na uso wa mwenzake.

"Umetoka?" aliuliza mama.

"Umetoka."

"Mbona siuoni mkononi?"

"Upepo umeuchukua. Hebu endelea, unaongea mno." Mama alicheka, mimi nikacheka, nikarudi kwenye karatasi zangu.

Mwaka juzi, kabla ya msimu wa upepo, gari lenye vipaza sauti lilipita kijijini likitangaza kwamba timu ya macho itafika zahanati. Wenye vikope wapimwe, watakaokutwa navyo wafanyiwe upasuaji siku hiyo hiyo. Mama alinipigia simu kunieleza. Nilifurahi nikapiga kigelegele peke yangu ofisini, mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama nimepandishwa cheo. Jicho lile moja ndilo lililokuwa limebaki. Lingekwenda, mama angeingia gizani, na upasuaji wenyewe ni mdogo: unakata kifuniko, unakigeuza kope zitazame nje, unashona.

Siku ya kupimwa nilisimamia mitihani. Nilipotoka nikakuta mama amenipigia mara kadhaa, nikampigia.

"Mwanangu, nimepimwa. Niko safi!"

"Safi vipi?"

"Hakuna hata ukope mmoja unaogusa jicho. Yule kijana kanimulika tochi, akasema bibi macho yako hayana shida, nenda kapumzike."

"Mama. Mara ya mwisho umeng'olewa lini?"

"Jana! Mwenzangu kanisafisha vizuri, kaniogesha, kanipaka mafuta. Ungeniona. Nilikuwa kama bibi harusi."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ametembea kwa miguu kwenda kuokolewa jicho, akarudishwa kwa sababu alikuwa nadhifu, na alikuwa na furaha. Nilimwambia asante Mungu, nikakata simu, nikatoka nje mpaka kwenye mawe nyuma ya jengo letu, nikalipiga jiwe teke kama mwendawazimu. Kucha ya kidole gumba ilitoka baada ya siku chache.

Nilimkasirikia yule mpimaji kwanza. Kukigeuza kifuniko cha jicho hakuchukui muda wa kupiga chafya. Upande wa ndani angeona mistari myeupe ya kovu, na kovu haling'oleki kwa kibano. Alitazama kope, akakuta hakuna kope, akaridhika. Nimefundisha vijana wa namna hiyo. Anajua jibu la swali aliloulizwa, na usipomuuliza la pili hajiulizi mwenyewe.

Lakini mpimaji sikuwa namjua wala sikujua nitampata wapi. Timu ilikuwa imehamia wilaya nyingine. Mama Mkubwa nilikuwa naijua nyumba yake, kwa hiyo hasira zote nikampelekea yeye.

Nilifika Jumamosi, nikawakuta wote wawili kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ila kwetu huwezi kumgombeza mtu kabla hujamsalimia. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akauliza habari za kazi, za wanafunzi, za maji huko Chimwaga, kama nakula mlenda au nimeshakuwa mtu wa chipsi. Nikajibu moja moja huku nimeuma meno. Salamu zilipoisha nikasema, "Mama Mkubwa, kwa nini ulimng'oa mama kabla ya kupimwa?"

"Tulikuwa tunakwenda kwa wageni," alisema. "Ulitaka aende na uso kama shamba lililoshinda palizi?"

"Nilitaka waone!"

"Waone nini? Uchafu wetu?"

"Waone kope! Wamemrudisha kwa sababu yako. Jicho limebaki moja, na wewe umelificha kwa mikono yako. Usimguse tena mama yangu."

Alitazama upande niliokuwepo, akapangusa machozi kwa pembe ya khanga. Nilijua machozi hayo ni ya vikope, kwa sababu yalikuwa yanamtoka hata akicheka. Mama ndiye aliyejibu. Aliniambia hapa si chuo, na huyo ninayempigia kelele ndiye aliyenifunga khanga ya kwanza nikizaliwa, na kama nimekuja na makelele ya mjini niende jikoni nikasonge ugali. Nikaenda jikoni. Niliusonga ule ugali mpaka mwiko ukapasuka.

Nilimsihi mama twende hospitali ya mjini. Akakataa katakata. "Wenyewe wenye mashine wamesema niko safi. Wewe ni daktari wa nini? Wa vitabu." Nilimchorea kifuniko cha jicho mchangani kwa kijiti, nikamwonyesha kovu, nikamweleza kila kitu tangu kidudu mpaka mikasi iliyofungwa midomo. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akauliza, "Sasa hizo protini, zenyewe hazina akili ya kuacha kugombana mgeni akishaondoka?" Nikamwambia hazina. "Basi ni kama wewe, zitakushinda nini kuzielewa," alisema, na Jumamosi iliyofuata akaenda kulaza kichwa kwa mwenzake kama kawaida.

Ukope uliong'olewa unarudi mfupi na mgumu, kama mashina ya mtama baada ya mavuno, na huo ndio unaochoma zaidi. Upepo wa Agosti ulipoanza, na vumbi lake, nilipigiwa simu na Mama Mkubwa. Tangu siku ile hatukuwa tumezungumza. Hakunisalimia, na kwa mtu kama yeye hiyo peke yake ilinitisha.

"Njoo umchukue mama yako. Hajalala kwa maumivu, na jicho linatoa usaha. Nimemwambia wewe ndiwe uliyekuwa na haki. Atakubali."

Tulimfikisha mjini. Daktari wa macho, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimlaza, akashika kifuniko kwa vidole viwili, akakigeuza. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Hili kovu ni la miaka mingi," alisema. "Nani alisema yuko safi?"

Nilimwambia nitamweleza nje, maana hapo ningepiga kelele mbele ya wagonjwa. Walitibu kwanza kile kidonda kwenye mboni, kisha wakamfanyia upasuaji. Jicho lilipona. Lina wingu pembeni ambalo halitatoka, lakini katikati linaona. Mama alikaa kwangu Chimwaga mpaka alipopona vizuri, akilalamikia jiko la gesi, majirani wasiosalimiana, na mlenda wa kununua. Kila Jumamosi aliuliza, "Mwenzangu anang'olewa na nani?" Nilimwambia simjui, na sikutaka kumjua.

Nilipomrudisha nyumbani, Mama Mkubwa alikuja kumpokea. Alitokea upande wa ghala, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Mbukwenyi!" aliita, akitusalimia kwa Kigogo.

"Mbona unaupapasa ukuta wangu?" mama alimtania. "Unataka kuununua?"

Walicheka na kukumbatiana. Mama alimzungusha, akamtazama, akamwambia amekonda na khanga yake imepauka, na kwamba hayo yote alikuwa hayaoni. Kisha akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akanyoosha miguu, akaniagiza nilete majivu.

"Leo ni zamu yangu. Lala nikuonyeshe macho mapya."

"Leo nimechoka. Tufanye wiki ijayo."

"Lala, nimesema."

Akalala. Mama alikivua kibano shingoni, akachovya kidole, akainua kifuniko cha jicho la kulia la mwenzake. Akakishusha, akainua cha kushoto. Nami niliinama nikaona. Kope zilikuwa pale zote, ndefu, zimelala juu ya mboni. Hakuna mtu aliyezigusa kwa muda mrefu sana. Jicho la kulia lilikuwa jeupe, na baadaye yule daktari alituambia kwamba hilo limeshakwenda, limebaki la kushoto.

"Mwaka mzima nilikuwa nang'oa nini?" mama aliuliza.

"Si ulikuwa unang'oa."

"Nakuuliza. Kila nikivuta uliniambia umetoka. Upepo, upepo. Nilikuwa nang'oa nini?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema Mama Mkubwa. "Ningekwambia huoni, ungefanyaje? Ungeacha kuja."

Hapo nami nikaelewa jambo jingine, nikauliza kwa ukali bila kukusudia. "Na siku ile zahanati? Wewe kope zako zilikuwepo. Hawakuziona?"

"Waliziona. Wakasema nikae kwenye benchi, nitapasuliwa na kufungwa macho siku hiyo hiyo."

"Ukakaa?"

"Wamemrudisha mama yako, mimi nikae? Nikifungwa macho, Jumamosi angeng'olewa na nani?"

Nimejitahidi kutafuta neno zuri la nilichohisi wakati ule, na sikulipata. Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia siku ya kwanza. Nilitaka kumtikisa mabega, nimuulize ni nani aliyemwomba, nimuulize anadhani jicho ni kitu cha kumwachia jirani kama bakuli la mboga. Nilitaka apige kelele, anitukane kwa yale maneno niliyomwambia. Alikuwa amelala pale kimya, anasubiri, na mimi nilisimama na kopo la majivu mkononi nikilia kwa hasira. Bado namkasirikia. Nikimwona kanisani namkasirikia.

Mama alimpiga kofi la begani, si la utani. "Mjinga mkubwa wewe," alisema. "Jumatatu unakwenda kwa daktari, na mimi nitakaa mlangoni usitoroke."

"Twende wote," alisema Mama Mkubwa.

"Nyamaza. Usitikisike."

Alichovya tena kidole kwenye majivu, akainama, akabana, akavuta. Ukope ulitoka na kishina chake cheupe. Aliunyanyua kwenye mwanga, akautazama kwa jicho lake moja, kisha akaubandika mgongoni mwa mkono wa mwenzake, na Mama Mkubwa akaleta kidole cha mkono wa pili akaupapasa, kuhakikisha kwamba upo.